Malipo kwa Kadi na Simu: Mzigo Usitoke Kabla Fedha Hazijaingia

Biashara wilayani Kyela inaendelea kubadili namna ya kupokea fedha. Nyumba za wageni za Matema hupokea watalii wenye kadi za benki, na wauza mchele na wenye maduka mjini Kyela, Ipinda na Kasumulu huwaonesha wateja Lipa Namba. Njia hizi humpunguzia mfanyabiashara hatari ya kulaza fedha taslimu dukani. Hata hivyo, zimekuja na wizi usiovunja mlango. Gunia moja la mchele likichukuliwa kwa ujumbe wa uongo, faida ya magunia kadhaa huondoka nalo.

Mashine ya kadi

Mashine ya kupokelea kadi ichukuliwe katika tawi la benki kwa mkataba wa maandishi, si kwa mtu anayepita dukani. Mteja aingize au aguse kadi mwenyewe, na kadi isiondoke mbele ya macho yake. Anapobonyeza namba ya siri, mwuzaji ageukie pembeni. Kamwe asiombe kutajiwa namba hiyo ili amsaidie.

Wenye nyumba za wageni wana jukumu la ziada. Picha ya kadi iliyotumwa kwa simu ili kushika chumba ni hatari kwa pande zote mbili, kwa kuwa namba za mbele pamoja na zile tatu za nyuma zinatosha kufanya manunuzi mtandaoni. Kanuni za kimataifa za kampuni za kadi zinakataza kuhifadhi namba hizo tatu baada ya malipo kuidhinishwa. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azitunze kwa usalama.

Mtandao ukikatika katikati ya malipo, mteja asitozwe mara ya pili kabla mwuzaji hajaangalia orodha ya miamala katika mashine au kuuliza benki. Nakala za stakabadhi zitunzwe kwa tarehe, kwa kuwa mwenye kadi anaweza kuyapinga malipo hayo baadaye kupitia benki yake, na mwuzaji asiye na nakala hukosa ushahidi. Ikumbukwe pia kwamba karatasi ya mashine ya kadi haichukui nafasi ya risiti ya EFD kwa anayewajibika kuitoa.

Lipa Namba

Udanganyifu unaojulikana zaidi ni ujumbe wa kughushi. Mnunuzi huonesha simu yake yenye maneno ya malipo kukamilika, au ujumbe huingia katika simu ya mwuzaji kutoka namba ya mtu binafsi. Simu ya mnunuzi si ushahidi. Mwuzaji aangalie salio na orodha ya miamala katika akaunti yake mwenyewe, hata foleni ikiwa ndefu. Anayeharakisha mzigo upakiwe kabla ya uhakiki ndiye wa kuangaliwa zaidi.

Mtu akipiga simu kudai kwamba amekosea kutuma fedha, mwuzaji asizirudishe kwa mkono wake. Amwelekeze kwa mtandao wake wa simu, ambao una utaratibu wa kurejesha muamala. Bango la Lipa Namba nalo likaguliwe kila asubuhi, kwani linaweza kubandikwa jingine juu yake. Jina linalotokea mteja anapolipa liwe la biashara husika.

Baada ya kudanganywa

Ujumbe wa kitapeli, pamoja na namba iliyoutuma, utumwe kwenda 15040, namba iliyotengwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Fedha zikishachukuliwa, benki au mtandao wa simu ujulishwe mara moja, kisha taarifa ifikishwe polisi ikiwa na kumbukumbu ya muamala. Mwenye biashara pia apige *106# kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kila jioni, kabla ya kufunga duka, mauzo ya daftari yalinganishwe na miamala ya mashine na ya simu. Tofauti ikionekana siku hiyohiyo, kuifuatilia ni rahisi kuliko baada ya mwezi. Mfanyabiashara anayehitaji maelekezo zaidi afike Ofisi ya Biashara ya Halmashauri au amwone Mtendaji wa Kata yake.