Kufunga buji za motokari

Katika garaji ya misioni moja kando ya ziwa Tanganika, fundi alikuwa akitengeneza motokari ya dispensari. Motokari hiyo ilichukua wagonjwa wa vijiji vya mlimani na kuwapeleka hospitalini. Tangu siku chache moteri yake ilikuwa ikikohoa, na mlimani haikuwa na nguvu tena. Fundi alifungua buji moja, akaona ncha yake imelika. Akaagiza buji nne mpya.

Moteri ya esansi haiendi bila buji. Pistoni inakandamiza hewa na esansi ndani ya silinda. Hapo buji inatoa cheche ya umeme, esansi inawaka, na pistoni inasukumwa chini. Moteri ya namna hii ikizunguka mara 3000 kwa dakika, kila buji hutoa cheche 1500, yaani 25 kila sekunde. Etienne Lenoir, aliyezaliwa Mussy-la-Ville, kijiji kilichoko leo katika Ubelgiji, alitumia cheche ya umeme katika moteri yake ya gesi mjini Paris mwaka 1860.

Kijana aliyekuwa akijifunza kazi alikuwa na mikono yenye nguvu. Alidhani kufunga vizuri ni kukaza mpaka nguvu ziishe. Basi fundi alimwonyesha kichwa cha moteri ya zamani, kile chuma kinachofunika silinda kwa juu.

«Tia kidole katika tundu hili, mwanangu.»

Kijana akatia kidole. Meno hayakuwamo tena. Tundu lilikuwa laini kama ndani ya kikombe.

«Mimi niliyaharibu, nilipokuwa kama wewe,» fundi akasema. «Nilikaza kwa mikono miwili. Kamyo ililala hapa majuma matatu ikingoja kichwa kingine, na mihogo ya watu ikaoza.»

Buji ina meno ya chuma kigumu. Lakini kichwa cha moteri mara nyingi ni cha alumini, kama sufuria. Vikishindana, alumini hushindwa.

Buji iliyolegea nayo ni hatari. Ndani ya silinda moto unapita digri 2000. Buji haiyeyuki, kwa sababu joto lake hupita katika meno na katika pete yake, likaingia katika kichwa cha moteri, halafu katika maji ya kupoza. Buji ikilegea, joto halina njia. Ncha yake inakuwa nyekundu kama kaa, inawasha esansi kabla ya wakati, na pistoni yaweza kutoboka.

«Moteri imepoa?» fundi akauliza.

«Imepoa, baba.»

Kijana alipuliza kwanza vumbi jekundu lililozunguka buji, maana changarawe ikianguka ndani hukwaruza silinda. Alifungua buji moja moja, ili nyaya zisibadilishane mahali. Hakupaka mafuta kwenye meno ya buji mpya, kwa kuwa buji yenye mafuta huteleza, na mkono hukaza kupita kiasi bila kujua. Halafu alichomeka buji katika kipande cha bomba la mpira, akaizungusha kwa vidole viwili tu.

Buji tatu ziliingia bila shida. Ya nne ilizunguka kidogo, ikakataa. Kijana akanyosha mkono kuchukua ufunguo.

«Acha!» fundi akasema. «Ufunguo haujui kama buji imeingia kombo. Vidole vinajua. Irudishe nyuma polepole.»

Kijana akairudisha. Akasikia meno yakianguka mahali pake, kwa mlio mdogo sana. Akazungusha mbele tena, na buji ikaingia yote mpaka pete ikagusa.

Hapo tu ndipo alipochukua ufunguo. Fundi alichora saa chini kwa kijiti. Buji mpya yenye pete, baada ya kufika mwisho kwa vidole, hukazwa kama nusu ya mzunguko: mshale ukitoka 12 na kufika 6. Pete inajibana, mkono unaisikia. Buji iliyokwisha kufungwa zamani pete yake imebanwa tayari. Hiyo yatosha kutoka 12 mpaka 1. Ziko na buji zisizo na pete, zenye kikalio cha mteremko, nazo hukazwa kidogo kuliko hapo. Mara nyingi kipimo kimeandikwa kwenye kisanduku cha buji, na fundi mwenye akili hukisoma kabla ya kukitupa.

Kijana alikaza zote nne kwa mkono mmoja, akarudisha nyaya. Fundi akawasha. Moteri ikanguruma bila kukohoa. Jioni ile ile motokari ilipanda mlimani kumchukua mama mmoja aliyekuwa akingoja tangu asubuhi.

Maulizo

1. Joto la buji hupita wapi?
2. Kwa nini kijana alianza kwa vidole, si kwa ufunguo?
3. Moteri hii ikizunguka mara 2400 kwa dakika, buji moja hutoa cheche ngapi kila sekunde?