Mzee Aliyepotewa na Akili: Haki Zake Juu Yetu

Ama baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, jua, ewe ndugu yangu, ya kuwa Kurani katika Suratu 'n-Nahl, aya ya 70, imetutajia umri dhalili, ambao mtu hurudishwa hali ya kutojua baada ya kuwa amejua.

Waganga wa zamani hizi wamebainisha kuwa haya ni maradhi ya ubongo. Si jini, wala si uchawi. Shirika la Afya Duniani lilihisabu watu milioni 57 wenye maradhi haya katika mwaka 2021, na zaidi ya nusu yao wamo katika nchi za pato dogo na la kati. Kadiri umri wa watu unavyorefuka, ndivyo idadi inavyozidi. Dawa ya kuyaondoa haijapatikana. Lakini damu kupanda, maradhi ya sukari, tumbako na uziwi usiotibiwa ni katika mambo yanayoyakurubisha, na kujihadhari nayo ni kuhifadhi amana ya mwili.

Suali: Mzee amepotewa na fahamu. Wanawe wamemtia wino kidoleni, wakamgongesha katika hati ya kuuza shamba lake, wakisema, "Sisi ndio warithi." Je, yafaa?

Jawabu: Haifai, na uuzaji huo ni batili, kwani sharti ya muuzaji ni awe na akili. Wala hapana urithi maadamu mwenye mali yu hai. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi'i, mtoto hana uwalii wa mali ya babake kwa sababu ya utoto wake tu. Uwalii ni wa baba, kisha babu, kisha wasii, kisha Kadhi. Basi na waende kwa Kadhi, amweke mtu mwaminifu. Chakula, nguo na dawa za mzee zitoke katika mali yake. Na Zaka ya mali hiyo haikuanguka, walii ataitoa. Akiwa hana kitu, nafaka yake ni juu ya wanawe wanaoweza.

Ama Sala na Saumu, zimemwondokea maadamu akili haipo, wala hana fidia. Tafauti na mzee mwenye akili asiyeweza kufunga, ambaye hutoa kibaba kwa kila siku. Akirudiwa na fahamu katika wakati wa Sala, ataisali.

Ndugu yangu, akikuuliza neno moja mara kumi, mjibu mara kumi. Wewe ulimuuliza mara mia ulipokuwa mdogo. Wala usimwachie mkeo au dadako mzigo wote, nawe ukakaa barazani. Suratu 'l-Israi, aya ya 23, imekukataza hata kuguna mbele ya wazee wako, wala haikuweka sharti kwamba walikumbuke jina lako.

Wallahu aalam.