SOMO: MAJI YANAYOKWENDA PAMOJA NA MTUMBWI



Kijana mmoja wa kwetu, kando ya mto Lualaba, alifika kivukoni na mtumbwi uliojaa mihogo ya kuuza kwa watu wa migodi. Mtumbwi ulikuja polepole, lakini ulikuja kwa ubavu. Akanyoosha mguu auzuie usigonge jiwe. Mguu ukavunjika. Watu wakasema: «Mbona mwendo ulikuwa mdogo?» Sikilizeni sababu yake.

1. Kitu kikienda majini hakiendi peke yake. Maji ya mbele yanasukumwa, yanazunguka pembeni, yanajaza pahali pa nyuma. Maji hayo nayo yana mwendo, na kila chenye mwendo kina nguvu. Nani aliyeyapa nguvu hiyo? Ni mikono ya mpiga kasia.

2. Nguvu hiyo yapimika. Mwaka 1828 Mjerumani Bessel alieleza kwamba kizito kilichofungwa kwa uzi kikiyumba ndani ya maji, kinayumba kana kwamba kimeongezwa kilo. Wenye hesabu wakapata kipimo: mpira unaokwenda ndani kabisa ya maji unachukua mwendoni nusu ya maji ya ukubwa wake. Mpira wa litre 4 unasukuma kama kilo 2 za maji. Gogo refu la mviringo likienda ubavu ndani ya maji, si nusu tena, ni ukubwa wake wote. Likienda kwa ncha, ni kidogo sana.

3. Jaribuni wenyewe. Sukumeni mtumbwi kwa ncha, kisha kwa ubavu. Ni mtumbwi uleule na mzigo uleule. Lakini kwa ubavu ni mzito kuuanzisha, na mzito kuusimamisha, kwa maana maji yaliyo pamoja nao yanazidi kuusukuma.

4. Mwendo ukiwa mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Mwendo ukiwa mara tatu, nguvu mara tisa.

Basi, shikeni haya:
— Punguzeni mwendo mkiwa bado mbali na ukingo.
— Fikeni kwa ncha, si kwa ubavu.
— Zuieni mtumbwi kwa upondo. Mguu wala mkono usiingie kati ya mtumbwi na jiwe.

Mihogo ikimwagika italimwa mingine. Mguu haulimwi.

Maulizo:
Kwa nini mtumbwi ni mzito kusimamisha ukienda kwa ubavu?
Mpira wa litre 10 unasukuma kilo ngapi za maji?