Mbwa Aliyeumia Mgongo: Kwa Nini Kizimba Ni Dawa

Dachshund ameruka kutoka kwenye kochi, kama afanyavyo kila siku. Jioni anatetemeka, mgongo ameupinda, hataki kuguswa. Kesho yake miguu ya nyuma inayumba, vidole vimejikunja, anakanyagia upande wa juu wa mguu. Daktari wa mifugo anampima, anatoa dawa ya maumivu, kisha anasema mbwa afungiwe kizimbani wiki nne. Mwenye mbwa anajiuliza: kukaa tu kutatibu nini? Swali hilo lijibiwe vizuri, maana asiyejua kazi ya kizimba hukifungua mlango siku ya kumi.

Tuanze na mifupa. Mgongo wa mbwa una pingili 7 za shingo, 13 za kifua, 7 za kiuno na 3 za nyonga zilizoungana, ndipo mkia uanze. Katikati ya pingili hizo umepita mfereji, na humo umelala ugwe wa mgongo, shina la neva linaloshusha amri kutoka ubongoni na kupandisha habari za mguso na maumivu. Kati ya pingili na pingili kuna diski: pete ya nyuzi imara iliyozunguka kiini cha ute wenye maji mengi. Mbwa anaporuka au kujipinda, ute huo hupokea uzito na kuugawa kila upande.

Mbwa husimama kwa miguu minne, kwa hiyo mfereji wa ugwe uko juu ya diski. Na pete ya diski ni nyembamba upande huohuo wa juu kuliko upande wa chini. Diski ikipasuka, hupasukia palipo pembamba, na kilichomo hutoka kikielekea kwenye ugwe.

Mbwa wengi hubaki na ute laini kwa miaka mingi. Dachshund, basset, Pekingese na French bulldog hawana bahati hiyo. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba nakala ya ziada ya jeni iitwayo FGF4, katika kromosomu ya 12, inahusika na ufupi wa miguu na pia na uharibifu wa diski. Diski za mbwa wa aina hii huanza kukauka na kuota chokaa hata kabla hajatimiza mwaka mmoja. Kiini huwa kama dawa ya meno iliyochanganyika na mchanga, na kitu cha namna hiyo hakiwezi kugawa uzito. Mzigo wote huielemea pete, nyuzi zake zikakatika kidogo kidogo, mpaka siku moja zinaachia. Kochi lilimalizia tu kazi iliyoanza zamani. Mtaalamu wa Sweden, Hans-Jörgen Hansen, aliueleza mpasuko huu mwaka 1952, na hadi leo madaktari huuita aina ya kwanza ya Hansen. Mara nyingi hutokea pale kifua kinapokutana na kiuno, ndiyo maana miguu ya mbele hubaki salama huku ya nyuma ikilegea.

Ugwe umepata majeraha mawili kwa mpigo: umegongwa, na sasa umebanwa. Uvimbe unaotokana na kugongwa hupungua kwa siku kadhaa, na mbwa hupata nafuu. Anatikisa mkia, anataka kucheza. Lakini tundu kwenye pete bado liko wazi. Litazibwa na kovu, na kovu hujengwa polepole, maana diski hupata damu kidogo mno. Akiruka katika siku hizo za furaha, kiini kilichobaki husukumwa nje kupitia tundu lilelile, na safari hii anaweza kupooza kabisa. Kwa hiyo mbwa huacha kuumwa kabla hajapona, na kizimba ni cha kumlinda katika kipindi hicho. Jopo la wataalamu wa chuo cha madaktari bingwa wa mifugo cha Marekani, ACVIM, lilipendekeza mwaka 2022 angalau wiki 4 za kumzuia. Dawa ya maumivu bila kizimba ni hatari zaidi ya maumivu yenyewe.

Kizimba kiwe na nafasi ya kusimama, kugeuka na kulala, basi. Tandika godoro nene; asiyeweza kujigeuza mgeuze kila baada ya saa chache, asiote vidonda vya kulalia. Vigae vinateleza, tandaza zulia atakapopita. Ukimbeba, mkono mmoja uwe chini ya kifua na mwingine chini ya nyonga, mgongo ulale sawa. Akitoka kujisaidia, mvalishe mkanda wa kifuani badala ya wa shingoni, na pitisha kanga iliyokunjwa chini ya tumbo, karibu na miguu ya nyuma, uibebe sehemu ya uzito wake.

Jambo linalosahaulika zaidi ni kibofu. Amri ya kukojoa nayo hupita kwenye ugwe. Amri isipofika, kibofu hujaa mpaka mkojo unavuja wenyewe, na mwenye mbwa akiona godoro limelowa hufurahi kwamba anakojoa. Kumbe anafurika. Misuli ya kibofu iliyovutwa hivyo hupoteza nguvu, na mkojo uliotuama huzaa bakteria. Mwombe daktari akuonyeshe kwa mikono yako mwenyewe namna ya kukikamua, mara 3 hadi 4 kwa siku, kwa shinikizo la taratibu pande zote mbili za tumbo. Mkojo wenye harufu kali, damu au ukungu upelekwe kupimwa.

Watu hukosea pia katika kupima hisia. Ukibana kidole cha mguu wa nyuma, mguu unajivuta. Habari njema? Si lazima. Kubanwa kule hupanda mpaka sehemu ya chini ya ugwe na amri ya kujivuta hurudi papo hapo, ubongo haujajua lolote. Tazama kichwa. Akigeuka, akilia au akitaka kuuma, ubongo umepata habari, na mbwa wengi wa hali hiyo hurudi kutembea. Asiyehisi kabisa, hata akipasuliwa, nafasi yake ni karibu nusu kwa nusu, na kuchelewa hakumsaidii.

Usimpe dawa zako. Ibuprofeni na diklofenaki hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo. Steroidi nazo zisichanganywe na dawa nyingine za kutuliza uvimbe. Mweleze daktari kila kidonge alichomeza.

Mbwa aliyegongwa na gari au bodaboda ni habari nyingine. Huyo huenda amevunjika pingili, na mfupa uliovunjika unaweza kuukata ugwe kwa kunyanyuliwa vibaya tu. Mlaze juu ya ubao, mfunge asigeuke, umpeleke kupigwa eksirei kabla ya kufikiria tiba ya nyumbani.

Wiki zikitimia, daktari akiridhika, anza na matembezi ya dakika 5 kwa kamba, uongeze taratibu. Ngazi na makochi viendelee kuwa mwiko, na mpunguze uzito kama amenenepa.

Lakini ndani ya wiki hizo, miguu ikizidi kulegea, akiacha kuhisi, akishindwa kukojoa au maumivu yakirudi kwa nguvu, usingoje kupambazuke. Mpigie daktari usiku huohuo.