Je, Naweza Kutupa Taka Zangu Kwenye Kontena la Jirani?

Jirani anapobomoa jiko, anapobadilisha paa au anapohama, mara nyingi lori huja na kontena kubwa la chuma lisilo na mfuniko na kulishusha mbele ya gereji yake. Wengi wetu huku Marekani tunaliita dampsta. Hukaa pale wiki nzima au zaidi, na siku za mwanzo huwa karibu tupu. Wewe kwako una godoro lililokwisha, kochi lililochanika na mifuko ya makorokoro ambayo lori la taka la kila wiki limekataa kuyabeba. Swali huja lenyewe: nikitumbukiza vyangu humo, kuna ubaya gani?

Jibu fupi ni hili: usitie chochote, hata mfuko mmoja, kabla ya aliyelikodi kukuruhusu. Akikuruhusu, tia kile tu mlichokubaliana. Swali hili linawagusa sana wasemaji wa Kiswahili waliohamia Texas, Kentucky, Ohio na kwingineko kutoka Kongo, Burundi, Tanzania au Kenya, kwa kuwa wengi wamekulia mahali ambapo jalala ni la mtaa mzima na hakuna anayeulizwa katupa nini. Kontena lililokodiwa halina desturi hiyo. Lina mwenyewe, lina mkataba, na mwisho wa safari yake linapanda kwenye mizani.

Kontena lile ni la nani?

Chuma chenyewe ni mali ya kampuni ya kukodisha. Haki ya kulitumia ni ya aliyesaini mkataba, ambaye anaweza kuwa mwenye nyumba, mpangaji au fundi mkuu aliyepewa kazi ya ukarabati. Hilo la mwisho hupotosha watu wengi. Unaweza kumwomba mwenye nyumba, naye akakubali kwa moyo mweupe, kumbe aliyekodi ni fundi na bili itamwangukia yeye. Kibarua anayebeba mbao naye hana mamlaka ya kukupa nafasi, hata akikuitikia kwa kichwa. Uliza kwanza: “Kontena hili limekodiwa kwa jina la nani?” Huyo ndiye wa kuombwa.

Likiwa limewekwa barabarani badala ya uani, bado si la umma. Miji mingi humtaka aliyekodi alipie kibali cha kuliweka hapo, na yeye ndiye huulizwa kukitokea tatizo.

Mbona nafasi ipo tele? Mfuko mmoja utamgharimu nini?

Makontena ya aina hii huhesabiwa kwa yadi za ujazo, na yale yanayokodiwa sana huanzia yadi 10 hadi 40. La yadi 20, ambalo huonekana mara kwa mara kwenye ukarabati wa nyumba, hubeba takriban mita za ujazo 15. Lakini mkataba huweka pia kikomo cha uzito, kwa tani za Marekani, ambapo tani moja ni pauni 2,000, yaani kama kilo 907. Lori likifika dampo hupimwa. Kilichozidi kikomo hulipiwa, na malipo hayo hukatwa kwa aliyesaini, mara nyingi moja kwa moja kwenye kadi yake ya benki.

Macho hayapimi uzito. Yadi moja ya ujazo ya zege hukaribia pauni 4,000. Vipande vya zege au udongo wa bustani vinavyoonekana kama tabaka jembamba tu chini ya kontena vinaweza kumaliza kikomo chote, hali juu kumebaki wazi. Zulia na godoro nazo hunywa maji mvua ikinyesha, na kwa kuwa kontena halina mfuniko, maji hayo yatapimwa pamoja na taka.

Jambo jingine ni ukingo. Mzigo hauruhusiwi kupita mstari wa juu, kwa sababu lori lazima lifunikwe turubai na lisidondoshe kitu barabarani. Dereva akikuta vitu vimechomoza anaweza kuondoka bila kulibeba, na aliyekodi akatozwa safari ile ya bure. Kumbuka pia kwamba nafasi unayoiona Jumatatu imekwisha pangiwa kazi. Jirani anajua kabati zitatoka Jumanne na vigae Alhamisi. Ukiijaza wewe, vitu vyake vitabaki uani, naye atalazimika kukodi kontena la pili.

Ni kosa kisheria, au ni utovu wa adabu tu?

Mara nyingi ni yote mawili. Sheria za Marekani hutofautiana kati ya jimbo na jimbo, na miji mingi ina kanuni zake zinazokataza kutia taka kwenye chombo cha mtu mwingine bila idhini. Kwanza kabisa, ukiingia uani kwa mtu bila ruhusa umekwisha vuka mpaka wa mali yake. Katika baadhi ya majimbo, kutumia huduma aliyoilipia mwingine kunaweza kuchukuliwa kuwa wizi wa huduma.

Angalia mifano miwili. California, kifungu cha 374.3 cha sheria ya makosa ya jinai kinakataza kutupa taka kwenye mali ya mtu bila idhini ya mwenyewe, na faini ya kosa la kwanza ni kati ya dola 250 na 1,000. Texas, sheria ya utupaji taka hupima kosa kwa uzito. Taka zisizozidi pauni 5 ni kosa la ngazi ya chini, ambalo adhabu yake ni faini isiyozidi dola 500. Zikizidi hapo lakini zikiwa chini ya pauni 500, kosa hupanda ngazi, na mahakama inaweza kutoa faini ya hadi dola 2,000 na kifungo cha hadi siku 180. Kochi moja lililoachwa pembeni mwa kontena, kwenye nyasi za mtu au kando ya barabara, linaangukia ngazi hiyo ya pili.

Kwa mhamiaji kuna la ziada. Fomu N-400, ya kuomba uraia wa Marekani, inamuuliza mwombaji kama amewahi kukamatwa, kuzuiliwa au kuandikiwa hati ya kosa na afisa wa sheria. Hati ya kutupa taka ovyo haimaanishi kwamba utakosa uraia, lakini kuificha ni hatari kuliko kosa lenyewe. Aliyeandikiwa hati kama hiyo asiipuuze. Ahudhurie mahakamani siku iliyotajwa, atunze karatasi zote, na aongee na mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kujaza fomu.

Jirani amekubali. Naweza kutia chochote?

Hapana. Vipo vitu ambavyo hata yeye mwenyewe haruhusiwi kuvitia. Orodha hutofautiana kidogo kati ya kampuni na kampuni, lakini vifuatavyo hukataliwa karibu kila mahali:

- Majokofu na viyoyozi ambavyo gesi yake haijatolewa. Sheria ya shirikisho ya hewa safi inataka gesi hiyo ivutwe na kuhifadhiwa kwanza, isiachwe itoke hewani.
- Betri, za gari na za simu au kompyuta. Betri za lithiamu zikikandamizwa zinaweza kuwaka, na zimewahi kuunguza malori ya taka.
- Rangi ya maji maji, mafuta ya gari, dawa za kuua wadudu na kemikali nyingine.
- Mitungi ya gesi, hata ile unayodhani imekwisha.
- Matairi.
- Vifaa vyenye asbesto, ambavyo hupatikana katika nyumba za zamani.

Televisheni, kompyuta na magodoro hutegemea jimbo na kampuni. Dampo likigundua kitu kilichokatazwa, haliulizi ni cha nyumba ipi. Linasoma jina lililo kwenye mkataba, na jina hilo ni la jirani yako.

Niombeje?

Nenda ana kwa ana, mapema, mikono mitupu. Ukifika na godoro begani umemweka mtu kwenye kona, maana kukataa kunakuwa aibu. Taja vitu vyako kwa majina na idadi. “Nina vitu vichache” ni maneno yasiyo na mpaka. Sema pia siku, na ujitolee kuchangia gharama. Kwa mfano, kama jirani ni Mkongo au Mtanzania mwenzako aliyekuzidi umri:

“Shikamoo, mama. Pole na kazi ya ukarabati. Nimekuja na ombi. Nina meza moja ya mbao na viti viwili vilivyovunjika. Kama nafasi itabaki mkimaliza, naomba niviweke siku moja kabla ya lori kuja. Nitachangia gharama, na kama nafasi haitabaki, sitakuwa na kinyongo.”

Kwa jirani Mmarekani yatatosha maneno hayo hayo bila shikamoo. Akikubali, mwombe akuthibitishie kwa ujumbe mfupi wa simu. Huo si ukosefu wa imani. Mume wake, fundi au afisa wa mji akiuliza, kuna maandishi. Kisha tia vile tu ulivyovitaja, uvipange vilale bapa, ukung’ute njia kama umeacha vumbi, na urudi kushukuru.

Akikataa, mshukuru vilevile. Hana deni la kukueleza sababu.

Nimeona humo kabati zuri. Naweza kulichukua?

Kuna watu wanaoamini kwamba kilichotupwa hakina mwenyewe, na hutaja kesi ya California dhidi ya Greenwood, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1988. Kesi ile ilihusu polisi kupekua mifuko ya taka iliyowekwa nje kando ya barabara ili ichukuliwe. Haikumpa mtu ruhusa ya kuingia uani kwa jirani, wala haikufuta kanuni za miji. Gonga mlango, uliza. Wengi hufurahi kitu kipate mtumiaji, tena kinapunguza uzito wao. Usiruhusu watoto wapande ndani, kwa sababu humo mna misumari, vioo na mbao zinazoteleza.

Na dampsta la nyumba za kupanga?

Lile lenye mfuniko, linalokaa nyuma ya maghorofa ya kupanga, ni la wapangaji wa eneo lile kwa matumizi ya kila siku. Asiyeishi pale haruhusiwi kulitumia. Anayeishi pale naye asome mkataba wake wa upangaji, maana mara nyingi samani hazikubaliwi. Kochi lililoegeshwa pembeni husababisha bili, na kamera zikionyesha ni la nani, bili hiyo hufuata nyumba yake. Kabla ya kuhama, iulize ofisi ya majengo utaratibu wa vitu vikubwa.

Mimi ndiye niliyekodi, na usiku watu wanatia vyao. Nifanyeje?

Piga picha siku kontena linapofika na kila jioni. Lifunike kwa turubai, na kama mkataba unaruhusu, liwekwe karibu na nyumba badala ya ukingoni mwa barabara. Panga kazi yako ili likae siku chache iwezekanavyo. Ukimjua aliyetia, mwendee kwa upole na mweleze habari ya uzito, maana pengine hajui kabisa. Ukikuta kemikali, betri au mtungi wa gesi, piga simu kwa kampuni kabla ya lori kuja. Usirudishe taka kwenye uwanja wa mtu, kwa sababu hapo wewe ndiye utakayekuwa mtupaji.

Sina uwezo wa kukodi. Vitu vyangu nivipeleke wapi?

Miji mingi ya Marekani ina huduma ya kubeba vitu vikubwa, ama kwa ratiba ama kwa miadi, na gharama yake mara nyingi imo tayari kwenye ada unayolipa. Katika miji kama Houston, Dallas, Columbus na New York piga 311, useme unahitaji mkalimani wa Kiswahili, na uulize siku na masharti. Masharti hayo yana uzito. New York, kwa mfano, godoro lazima lifungwe ndani ya mfuko maalumu wa plastiki, la sivyo unaweza kutozwa faini.

California, Connecticut, Rhode Island na Oregon zina mpango wa kisheria wa kurejeleza magodoro, wenye vituo vinavyoyapokea bila malipo. Samani na vifaa vya ujenzi vinavyofaa bado hupokelewa na maduka ya ReStore ya shirika la Habitat for Humanity. Kaunti nyingi huwa na siku au vituo vya kupokea rangi, betri na kemikali za nyumbani. Na familia mbili au tatu zinazohama au kukarabati kwa wakati mmoja zinaweza kukodi kontena moja kwa mkataba unaoeleweka: nani anasaini, nani anatia nini, na uzito ukizidi nani analipa kiasi gani.

Kwa hiyo kama godoro lipo ukumbini leo, anza na simu ya 311 au ofisi ya taka ya mji wako. Wakisema hawalibebi, ndipo uende kwa jirani. Mwombe kabla ya kubeba, na uwe tayari kwa jibu lolote. Bili ya kontena lile hufika kwa jina lake, si lako, na hiyo peke yake ni sababu tosha ya neno la kwanza kuwa ombi.