Injini Ikigonga: Tutengeneze au Tubadilishe?

SOMO LA VIKUNDI VYENYE GARI

Vikundi vyetu vingi vimenunua pikapu ya kubeba maziwa, mboga au mahindi hadi sokoni. Pesa za kuinunua zilitoka kwa michango ya miaka mingi, na mara nyingine kwa mkopo ambao bado unalipwa. Siku injini inapoanza kugonga, maneno huwa mengi. Dereva anasema hivi, fundi anasema vile, na wanachama wanaanza kunong'ona ati mweka hazina amekula na fundi. Tumeona vikundi vikigawanyika kwa jambo kama hili, na gari likibaki limeota nyasi chini ya mti.

Mwisho wa somo hili tungependa kila mwanachama aweze kufanya mambo matatu: kumweleza fundi mlio vizuri, kujua ni mlio gani unataka gari lisimame hapo hapo, na kupiga hesabu kabla ya pesa kutoka.

1. TAFUTA MLIO KABLA YA KUULIZA BEI

Msiende gereji mkisema tu, "Gari inalia." Fundi akisikia hivyo atakisia, na makisio yake mtayalipa ninyi. Kwanza jaribuni haya:

(a) Simamisheni gari, injini ikiwa inanguruma na gia ikiwa huru. Kama mlio bado upo, uko kwenye injini au karibu nayo. Kama unasikika gari ikitembea tu, tazameni beringi za magurudumu, viungo vya propela shafti au difu. Vikundi vimewahi kufungua injini nzima kumbe ni beringi ya gurudumu.

(b) Dereva akanyage klachi. Mlio ukianza anapokanyaga, shaka iko kwa beringi ya klachi. Ukinyamaza anapokanyaga, shaka iko kwa giaboksi.

(c) Sikilizeni kama mlio ni wa juu ya injini au wa chini. Mafundi wa jua kali hutumia bisibisi ndefu: ncha wanaiweka kwenye injini na mpini sikioni. Kijiti kirefu pia kinafaa. Lakini angalieni sana feni na mikanda. Leso, shuka au nywele ndefu zisikaribie.

(d) Andikeni lini unasikika: asubuhi injini ikiwa baridi, ikishapata moto, kwenye mlima na mzigo, au wakati wote.

2. MILIO AMBAYO MARA NYINGI HAITAKI PESA NYINGI

Mluzi mkali asubuhi: mara nyingi ni mkanda wa feni uliolegea au kuisha. Fundi anaweza kuutoa na kuwasha injini kwa muda mfupi sana, chini ya dakika moja. Mlio ukipotea, kosa ni mkanda wenyewe, wota pampu au oltaneta. Injini haina kosa.

Tiki-tiki nyepesi juu ya injini: hizo ni tapeti. Kwanza pimeni oili, kwa maana oili ikipungua tapeti hulia. Kama oili ni sawa, fundi apime nafasi ya tapeti na kuirekebisha kwa kipimo cha kiwanda.

Pufu-pufu au tiki inayopungua injini ikipata moto: huenda ni gaskiti ya ekzosti inayovuja. Itengenezeni mapema, kwa sababu ule moshi una hewa ya sumu isiyo na harufu, na ukiingia ndani ya gari unaweza kuua watu.

Mlio kama changarawe ndani ya mkebe, gari la petroli likipanda mlima na mzigo: chanzo chaweza kuwa moto wa plagi unaowaka mapema mno, injini kushika joto jingi, au petroli mbaya. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa huleta mlio huu. Uchanganyaji ulikuwa umezidi hata mwaka 2018 serikali ya Kenya ikatoza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuupunguza. Badilisheni kituo cha kununulia kabla ya kubadilisha injini!

Kugonga kwa pistoni asubuhi kunakonyamaza injini ikipata moto: ni dalili ya kuchakaa, lakini injini kama hii yaweza kuendelea na kazi kwa muda. Anzeni kuweka akiba.

3. MILIO INAYOSEMA "SIMAMA!"

Mgongo mzito wa chini, ko! ko! ko!, unaozidi gari likivuta mzigo na injini ikiwa moto, ni wa beringi za krankishafti au za mikono ya pistoni. Ikiwa taa ya oili nayo inawaka, dereva azime injini mara moja. Asiseme, "Nitafika tu sokoni." Akizima mapema, huenda ikatosha kubadilisha beringi na kuchonga krankishafti. Akiendelea, mkono wa pistoni waweza kukatika na kutoboa bloku, na hapo hakuna tena cha kutengeneza. Maziwa ya siku moja yaharibike, lakini injini ipone.

4. VIPIMO VINNE VYA KUDAI

Fundi akisema "Hii injini imekufa," mwombeni kwa heshima awaonyeshe:

• Oili. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Ikimetameta kwa unga wa chuma, beringi zinalika.
• Moshi. Wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe usioisha hata injini ikiwa moto ni maji. Mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa.
• Mgandamizo wa kila silinda, kwa geji. Ukiwa chini, fundi atie oili kidogo ndani ya silinda ya petroli na kupima tena. Ukipanda, ringi za pistoni zimekwisha. Usipopanda, tazameni valvu au gaskiti ya hedi.
• Silinda inayogonga. Kwa injini za zamani za petroli, fundi huikata plagi moja moja. Kwa dizeli za zamani hulegeza mrija wa nozeli moja moja. Mlio ukipungua, silinda yenye kosa imejulikana. Kazi hii ni ya fundi peke yake, kwani dizeli yenye nguvu hutoboa ngozi.

Halafu pelekeni majibu hayo kwa fundi wa pili. Nauli ya kumfikia ni ndogo kuliko bei ya injini.

5. HESABU

Tuseme mfano huu, ambao ni wa kujifunzia tu. Bei zenu mtaziuliza wenyewe.

Kutengeneza: spea 70,000, kuchonga krankishafti 10,000, ufundi 20,000, oili na filta 6,000. Jumla sh. 106,000.

Injini iliyotumika kutoka Japani: injini 120,000, usafiri 8,000, ufundi 15,000, oili na filta 6,000, mambo ya karatasi 5,000. Jumla sh. 154,000.

Ikiwa gari huletea kikundi faida ya sh. 4,000 kwa wiki, kutengeneza kutarudisha pesa kwa wiki 27 hivi, na kubadilisha kwa wiki 39 hivi. Ongezeni wiki ambazo gari litakaa gereji. Kisha jiulizeni maswali mawili. Je, bodi na chesi vitadumu hadi pesa zirudi? Na gari likishatengenezwa, litauzika kwa pesa ngapi? Kama gharama inakaribia bei ya gari lote, afadhali kuliuza jinsi lilivyo na kuanza upya.

Kwa kawaida, kosa likiwa moja na bloku nzima, tengenezeni. Bloku ikipasuka, au spea zikikaribia bei ya injini, fikirini kubadilisha.

6. MKINUNUA INJINI ILIYOTUMIKA

Ukienda Kirinyaga Road, Nairobi, ambayo zamani iliitwa Grogan Road, utaona spea na injini za kila aina. Bei ndogo isiwatoe macho. Hakikisheni injini ni ya aina ile ile, la sivyo giaboksi, waya na vishikio havitakubali. Pimeni mgandamizo kabla ya kulipa. Dai risiti yenye namba ya injini, na ahadi ya kurudisha iwe kwa maandishi.

Namba mpya lazima iarifiwe NTSA ili kitabu cha gari kilingane na injini. Bila hivyo mtasumbuka njiani, na siku ya kuuza gari pia. Tena, mkinunua injini ya wizi mtaulizwa ninyi.

7. KULINDA UMOJA

Mtu mmoja asiende gereji peke yake. Waende watatu: dereva, mweka hazina na mwanachama mmoja asiye na cheo. Katibu aandike mlio, vipimo, bei za mafundi wawili na uamuzi wa mkutano. Spea za zamani zirudishwe zote, ziwekwe mezani siku ya mkutano, kila mtu azione na kuzishika. Beringi iliyolika ikiwa mkononi mwa mama aliyechangia, minong'ono hupungua.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Nani katika kikundi chetu anapima oili kila asubuhi, na anaandika wapi?
2. Dereva wetu ana ruhusa ya kuzima gari njiani bila kulaumiwa kwa mzigo ulioharibika?
3. Tunaweka akiba ya shilingi ngapi kila wiki kwa ajili ya injini, hata sasa ikiwa nzima?

KAZI YA MWEZI HUU: Wanachama wote wasimame kando ya gari lenu likinguruma, wausikilize mlio wake likiwa zima. Usipoujua mlio wa afya, ule wa ugonjwa utautambuaje?