SOMO: Hukumu ya makosa inaweza kufunguliwa tena



Mahali penye vita, mtu anaweza kushitakiwa kwa sababu ya chuki au uvumi tu. Tujifunze namna ushahidi mpya unavyoweza kumwokoa asiye na kosa.

Uganda. Mwaka 1982, Edmary Mpagi alihukumiwa kifo kwa kuua mtu. Majirani wenye ugomvi na familia yake walimshuhudia uongo, na daktari akasema aliichunguza maiti. Kumbe huyo mtu alikuwa hai! Mpagi aliachiliwa mwaka 2000, baada ya miaka zaidi ya 18. Binamu yake, aliyehukumiwa pamoja naye, alikuwa amekwisha kufia gerezani.

Marekani. Mwaka 1985, Kirk Bloodsworth alihukumiwa kifo kwa kumwua mtoto. Mashahidi 5 walisema walimwona. Lakini nguo za mtoto zilikuwa zimetunzwa. Doa lililokuwa juu yake lilipimwa DNA, alama ya mwili inayotofautisha watu. Haikuwa yake, akafunguliwa mwaka 1993. Mwaka 2003, kipimo hicho kilimfunua muuaji wa kweli.

Kongo. Rufaa inaombwa ndani ya siku 10. Hukumu ikishakuwa ya mwisho, sheria ya tarehe 19 Februari 2013 inaruhusu Korti ya Kasasyo kuipitia upya: kama aliyesemekana ameuawa yuko hai, kama shahidi amehukumiwa kwa uongo, au kama jambo jipya limejulikana. Mfungwa mwenyewe anaweza kuomba. Akifariki, mwenzi wake au watoto wanaweza.

Tufanye nini? Vita ikifunga njia ya korti, ushahidi bado unaweza kutunzwa:

- Tusimpige wala kumwua mshukiwa. Aliyekufa hafunguliwi.
- Tusifue nguo zenye damu wala kufagia mahali pa tukio. Nguo zikauke kivulini, ziwekwe katika karatasi, si plastiki.
- Tuandike tarehe, saa na majina ya walioona.
- Familia itunze karatasi za hospitali na nakala ya hukumu. Wakihama, wahame nazo.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Kwa nini mashahidi 5 walikosea?
2. Katika kambi yetu, nani anaweza kutunza karatasi hizo bila upendeleo?
3. Tutamlindaje mshitakiwa wa kabila lingine mpaka ukweli ujulikane?